Mhariri, ile dawa ya kifua ya Himalaya mmeiandika nusu

Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Kigoma, nauza kwenye duka la dawa muhimu maeneo ya Mwanga, na gazeti lenu likifika huwa nalisoma hadi matangazo ya vifo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo nimekaa nalo moyoni wiki nzima, nikaona nikinyamaza nitakua nimekosea.

Kwenye ukurasa wenu wa afya mliandika habari ya kichaka kinachoota chini ya milima ya Himalaya, Nepali wanakiita asuro, India ni adusa au vasaka, mkasema ni kiboko ya kikohozi na kubana kwa kifua na mkaelekeza jinsi ya kuchemsha majani yake. Nilifurahi sana kuisoma, na mliyoyasema ni kweli. Ila mmeiandika nusu, na hiyo nusu mliyoiacha ndo iliyonifanya nifunge duka Jumatatu saa nne asubuhi wakati wateja wamesimama mlangoni.

Alikuja mama mmoja wa Kibirizi, mteja wangu, kazi yake kuanika dagaa na kuwakausha kwa moshi pale mwaloni, kifua kinamsumbua muda kidogo. Akafungua fundo la kanga akatoa kipande cha gazeti lenu kimekunjwa mara nne, na kipakti cha unga wa kijani unaoelekea ukahawia, kauuziwa na mtu anayetembeza dawa za asili sokoni, kaambiwa ndo ule ule wa Himalaya ulioandikwa gazetini. Anakunywa asubuhi na jioni kikombe kizima tangu Jumamosi. Mimi nikajua kaja kuuliza habari ya kikohozi, kumbe kaja kutaka dawa ya tumbo, tumbo la chini linavuta tangu jana. Nikamuuliza, mama, una ujauzito? Akashika kanga yake akasema ndio, mwezi wa tano huu.

Nilifunga duka tukapanda bajaji mpaka kituo cha afya. Namshukuru Mungu mapigo ya mtoto yalikuwepo, wakamlaza usiku mmoja, tumbo likatulia, akarudi nyumbani. Sisemi ule unga ndo uliomvuta tumbo, maana kipakti hakina jina la mmea wala kipimo wala tarehe, inaweza ikawa ni majani ya kitu kingine kabisa mtu kasaga. Ila kama ni asuro kweli, basi mjamzito alikua haruhusiwi hata kuuonja, na hilo ndilo halikuandikwa kokote, si kwenye kipakti wala gazetini.

Ngoja nieleze kwanini niliogopa, maana wasomaji wengine watasema huyu wa duka la dawa anapinga miti shamba. Sipingi, tena nitaeleza mbele kidogo nimelelewa na nani.

Asuro jina lake la kitaalamu ni Justicia adhatoda. Ni kichaka cha urefu wa mtu au kumzidi, kijani mwaka mzima, majani marefu yaliyochongoka, maua meupe yenye michirizi ya zambarau kwenye mdomo wa chini. Kinaota chenyewe pembeni ya njia na mashamba, kuanzia tambarare hadi vilima vya chini vya Himalaya, na watu wa kule wanakipanda uzio maana mbuzi na ng'ombe hawakigusi, majani ni machungu na ukiyaponda yana harufu mbaya. Matumizi yake ni ya karne nyingi, yako kwenye Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, tangu enzi. Wanakamua maji ya majani wanachanganya na asali na tangawizi kwa mwenye kikohozi, wengine wanakausha jani wanalisokota kama sigara mwenye pumu anavuta moshi wake, wanaponda majani wanabandika kwenye viungo vinavyouma.

Na kuna tumizi moja linalojulikana sana kwa akina mama wa vijiji vya huko, nalo ndo lilitakiwa liandikwe kwa herufi kubwa. Mzazi akikawia kujifungua wanasaga mizizi ya asuro wanampaka tumboni ili uchungu uje. Yaani wenyewe wanajua toka zamani kwamba huu mmea unachezea kifuko cha uzazi! Wanasayansi walipokuja kuupima wakakuta ndani ya majani kuna kitu kinaitwa vasisini, kinatanua njia za hewa kwenye mapafu, na hicho hicho kinafanya kifuko cha uzazi kijikaze. Kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Kwa mwenye pumu ni nafuu, kwa mwenye mimba ya miezi mitano ni hatari ya kuharibu mimba.

Kwahiyo ugomvi wangu sio kwamba asuro ni uongo. Ni kweli inafanya kazi, na kwa sababu inafanya kazi ndo maana haitakiwi kutajwa jina tu na jinsi ya kuchemsha alafu basi.

Na ushahidi kwamba inafanya kazi uko kwenye shelfu yangu. Zile dawa za maji za kikohozi ambazo wateja wananiambia nipe ile ya kulainisha makohozi, nyingi zina bromheksini, nyingine ambroksoli. Bromheksini ilitengenezwa miaka ya 1960 kwa kuigiza ile vasisini ya asuro, wataalamu wa Ujerumani walichukua umbile lake wakalibadilisha maabara, na ambroksoli ndo kile ambacho bromheksini inageuka ikishaingia mwilini. Kazi yake ni kuyafanya makohozi mazito yawe mepesi, mtu akikohoa yatoke. Mtu wa Ujiji anayenunua chupa kwangu leo anakunywa mtoto wa kile kichaka bila kujua. Tofauti ni kwamba chupa ina karatasi ndani, inasema mtoto wa umri huu kiasi hiki, mjamzito amuone daktari kwanza, ukipata vipele acha. Ile karatasi watu wanaitupa palepale mlangoni kwangu, naiokota naumia, maana mle ndani kuna kazi ya miaka mingi.

Sasa msomaji anaweza kusema, mambo ya Himalaya yanatuhusu nini watu wa Tanganyika. Yanatuhusu. Mwarobaini tunaochemsha kila nyumba asili yake ni upande huo huo wa India, miembe ya Ujiji nayo ilitoka huko huko Asia, miti inasafiri na watu wanaisafirisha. Ila mwarobaini tumekaa nao miaka, bibi zetu wameshajua nani asipewe. Mmea wa gazetini ukifika sokoni ndani ya kipakti umefika peke yake, wale bibi wanaoujua wamebaki Nepali.

Na sisi hapa Kigoma tunayo habari kubwa kuliko hiyo, ambayo natamani siku moja muiandike ukurasa mzima. Mama yangu ni Mtongwe wa upande wa Buhingu, chini ya milima ya Mahale. Kule kuna kichaka kinaitwa mjonso, Kiswahili mtukutu, jirani zetu Warundi wanauita umubirizi, mchungu ajabu. Mwezi wa 11 mwaka 1987 mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, alikua porini Mahale pamoja na mtafiti Michael Huffman wakimfuatilia sokwe jike anayeitwa Chausiku. Chausiku alikua mgonjwa, amelegea, hataki kula, analala lala. Akaenda kwenye mjonso, akavunja kitawi, akatoa majani akaacha, akamenya ganda akaacha, akatafuna ile nyama laini ya ndani akinyonya maji yake na kutema makapi. Mzee Seifu akamwambia mwenzake hiyo ni dawa kali, sisi Watongwe tunaitumia kwa tumbo na homa. Kesho yake Chausiku akawa na nguvu anakula. Mwaka 1989 wakaandika pamoja, jina la mzee likiwemo, na mpaka leo dunia nzima ikizungumzia wanyama kujitibu inaanzia hapa kwetu, ziwani Tanganyika.

Naomba muone kitu kimoja hapo. Sokwe aliacha majani na ganda. Walipopima wakakuta kwenye majani na ganda sumu ni nyingi zaidi, ile ya ndani ndo yenye kiasi kinachobebeka. Mnyama wa porini anajua sehemu gani na kiasi gani, iweje sisi wenye kalamu tuandike "chemsha majani unywe"?

Bibi yangu mzaa mama alikua anatibu watoto wa kijiji kwa mjonso. Namkumbuka vizuri, alikua na kikombe kidogo cha kahawa kimevunjika mkono, hicho ndo kipimo, mtoto nusu mkubwa kizima, mara moja kwa siku na siku tatu basi. Akija mwanamke kwanza anamuuliza, mwanangu, mwezi huu umeona siku zako? Akisita anarudishwa, hata alie vipi hapewi. Bibi hajasoma hata darasa la kwanza lakini lile swali lake ndo swali nililomuuliza mama wa Kibirizi, sikulipata chuoni, nililipata kwake. Amefariki na miti mingine kama 20 ambayo hatukuandika hata mmoja, na hiyo inaniuma mpaka leo kuliko nnavyoweza kueleza.

Sasa ombi langu kwenu, Mhariri. Mkiandika mmea wowote muandike sehemu inayotumika, jani au mzizi au ganda, kwa sababu havilingani. Muandike nani asitumie, mjamzito awe wa kwanza kila mara. Na kwa habari za kifua msisahau TB, mtu akikohoa wiki 2 au zaidi aende akapime makohozi, matibabu ya TB nchi hii ni bure, anayekunywa majani miezi 3 huku ana TB anaendelea kuwaambukiza wa nyumbani kwake. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kupuliza kwa ajili ya habari ya gazetini, nimeshaona mtu akiletwa kwangu midomo imekua ya bluu.

Kitu kingine kimepita bila kuelezwa, asali. Mlisema changanya na asali, na watu wa huku mkisema asali wanajua asali ya Tabora, nzuri hakuna kama hiyo, kila nyumba ipo. Lakini mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi, vinamlegeza mwili mpaka ashindwe kunyonya na hata kupumua. Akina mama wengi wanawalambisha vichanga wakikohoa, kwa upendo kabisa, hawajaambiwa tu.

Alafu kuhusu wauzaji wa sokoni, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002 na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Wapo waganga waliosajiliwa hapa mjini, nawaheshimu, ukienda kwao wanakuuliza maswali kabla ya kukupa kitu. Nnaowalalamikia ni wale wanaosoma gazeti asubuhi na mchana wana unga. Mkiandika mkataja na hilo la usajili, mtu anaweza kuuliza kabla ya kutoa hela yake.

Yule mama alirudi dukani Alhamisi, anaendelea vizuri, tumbo halivuti tena. Makohozi kayapeleka kupima, majibu yametoka hana TB, nesi kamshauri ajifunge kitambaa puani wakati wa kukausha dagaa kwa moshi na akae upande upepo unakotoka. Nikamuomba anipe kile kipande cha gazeti, akanipa. Nimekibandika kwenye mbao ya ukuta nyuma ya kaunta, na pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu MJAMZITO HAPANA, na chini yake MTOTO CHINI YA MWAKA ASALI HAPANA. Wateja wanasoma, ila wanaoingia dukani kwangu ni wachache na gazeti lenu linafika mpaka Kasulu, Kibondo na Uvinza. Naomba maneno hayo mawili myachape nyinyi, ukurasa ule ule wa afya, toleo linalofuata.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa duka la dawa, Mwanga, Kigoma