Mei Mosi, Uhuru na Krismasi huangukia siku moja ya juma

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu kalenda, kwa kuwa msimu wa kuzichapa umekaribia na mitambo ya Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, haitalala tena hadi Januari.

Chukua kalenda ya mwaka wowote uangalie sikukuu tatu tunazopumzika hapa Uganda: Siku ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei, Siku ya Uhuru tarehe 9 Oktoba na Krismasi tarehe 25 Desemba. Zote huangukia siku moja ya juma. Mwaka 1962, bendera ya Uganda ilipopandishwa, 9 Oktoba ilikuwa Jumanne. Mei Mosi ya mwaka ule ilikuwa Jumanne, na Krismasi vilevile. Mwaka 2027 zote zitakuwa Jumamosi. Sababu ni hesabu tu. Kutoka 1 Mei hadi 9 Oktoba ni siku 161, yaani wiki 23 kamili, na kutoka 9 Oktoba hadi 25 Desemba ni siku 77, wiki 11 kamili. Siku ya 29 Februari haiwezi kuvuruga mpango huo kwa sababu sikukuu zote tatu huja baada yake.

Mambo ya namna hii magazeti huyatumia kujazia pembe ya ukurasa chini ya kichwa "Je, wajua?", msomaji akashangaa kidogo na kufungua ukurasa wa michezo. Naona huko ni kuyapunja. Hicho ni kipimo cha kukagulia kalenda kabla haijafika mtamboni, na hakimgharimu mchapaji hata shilingi.

Makosa mengi ya kalenda huingia hivi. Mpangaji kurasa hafungui faili jipya; huchukua lile la mwaka uliopita akasogeza namba. Mahali fulani Juni au Novemba inapewa siku 31, au Februari inabaki na 29 za mwaka mrefu uliopita. Kosa hilo halikai peke yake, kwani kila mwezi unaofuata husogea siku moja, na jicho halilioni kwa sababu kila mwezi ukiutazama peke yake umenyooka vizuri. Basi weka kidole kwenye 1 Mei, kisha 9 Oktoba, kisha 25 Desemba. Mbili za kwanza zikikubaliana na Krismasi ikakataa, kosa liko kati ya Oktoba na Novemba. Mei na Oktoba zisipokubaliana, tafuta kuanzia Mei hadi Septemba. Hapo ongeza jozi nyingine: Siku ya Mashujaa ya 9 Juni na Siku ya Kiswahili Duniani ya 7 Julai zimeachana kwa wiki nne kamili. Jozi hiyo ikikataa, idadi ya siku za Juni ndiyo mbovu.

Kwa mwanzo wa mwaka, 26 Januari, Siku ya Ukombozi, na 16 Februari, siku tunayomkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, hazitengani kamwe. Ni wiki tatu kamili. Kutoka hapo kuvuka hadi Mei Mosi ndipo mwaka mrefu unapoonekana. Katika mwaka wa kawaida, hesabu siku nne za juma mbele ya ile ya 16 Februari na utaipata siku ya 1 Mei. Katika mwaka mrefu hesabu tano. Mwaka 2027 Jumanne inazaa Jumamosi. Mwaka 2028, ulio mrefu, Jumatano inazaa Jumatatu.

Sikukuu za tarehe maalumu ni rahisi. Kazi iko kwenye Pasaka, na hapa Uganda ina jambo kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Karolo Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, waliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana. Tarehe haikuwa ya kawaida hata kidogo. Pasaka haiwezi kuja kabla ya 22 Machi wala kuvuka 25 Aprili, na mwaka 1886 iliangukia hiyo hiyo 25 Aprili, ya mwisho kabisa. Kwa hiyo Kupaa nako kuliangukia siku ya mwisho inayowezekana. Tangu hapo 3 Juni imekutana na Kupaa mara moja tu, mwaka 1943, na itakutana tena mwaka 2038. Wanaopanga hija za Namugongo waiandike kwenye daftari mapema.

Msomaji anaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Gawanya 2038 kwa 19, ubaki na 5. Ugawanye kwa 4, ubaki na 2. Ugawanye kwa 7, ubaki na 1. Sasa zidisha baki la kwanza kwa 19, ongeza 24: 95 na 24 ni 119. Gawanya kwa 30, baki ni 29, lihifadhi. Kisha jumlisha vitu vinne: baki la 4 mara mbili, ambalo ni 4, baki la 7 mara nne, ambalo ni 4, ile 29 mara sita, ambayo ni 174, na 5. Jumla ni 187. Gawanya kwa 7, baki ni 5. Mwisho ongeza 29 na 5 juu ya 22 Machi. Unapata 56 Machi, toa siku 31 za Machi, inabaki 25 Aprili.

Wanaotumia kikokotoo cha simu hukosea hapa kwa sababu simu haitoi baki, inatoa desimali. Ukiona 107.26, chukua 107, zidisha kwa 19 upate 2033, kisha toa 2033 kwenye 2038. Jambo la pili: 24 na 5 ni za miaka ya 1900 hadi 2099 peke yake. Ukizitumia kwa 1886 utapata jibu lisilo la kweli. Karne ile ilitaka 23 na 4. Na ndani ya kipindi chetu kuna miaka minne ambayo hesabu hii huichelewesha Pasaka kwa wiki nzima: 1954, 1981, 2049 na 2076. Kwa miaka hiyo rudi nyuma siku saba.

Jaribu 2027 na utapata 28 Machi. Ukishaipata Pasaka, nyingine zinafuata: toa siku 46 kwa Jumatano ya Majivu (10 Februari 2027), toa 2 kwa Ijumaa Kuu, ongeza 39 kwa Kupaa, ongeza 49 kwa Pentekoste. Kupaa ndiko kunakokosewa zaidi. Watu husikia "siku ya arobaini" wakaongeza 40, na kalenda ikaonyesha Kupaa siku ya Ijumaa. Siku ya arobaini huhesabiwa pamoja na Pasaka yenyewe, kwa hiyo ya kuongeza ni 39.

Idi ni habari tofauti. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, mwaka una 354 au 355, na kwa hiyo kila sikukuu hurudi nyuma siku 11 hivi kwenye kalenda ya ukutani. Ndiyo maana mwaka 2000 ulikuwa na Idi el Fitri mbili, Januari na Desemba. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na 2033 utakuwa tena na Idi el Fitri mbili. Mchapaji anayeandika tarehe moja ya Idi kwa wino mwekundu, bila neno lolote pembeni, anawapotosha wateja wake. Kwa 2027 aandike 9 au 10 Machi kwa Idi el Fitri na 16 au 17 Mei kwa Idi el Adha, na chini yake "kutegemea mwandamo wa mwezi". Ya Machi itajulikana usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ya Mei ina nafuu, kwa kuwa Idi el Adha ni siku ya kumi ya mwezi wake na mwandamo huwa umeshatangazwa siku nyingi nyuma.

Nimalizie na jambo linalonikera zaidi, nalo ni nyakati za sala. Tumezoea kusema kwamba kwa vile ikweta inapita hapa kwetu, jua huchomoza na kutua saa zilezile mwaka mzima. Urefu wa mchana kweli haubadiliki sana. Kampala ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Lakini mchana wote unahama kwa saa ya ukutani. Katikati ya Februari jua la Kampala huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi na kutua saa moja na dakika 7 jioni. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza saa kumi na mbili na nusu na kutua saa kumi na mbili na dakika 37. Hiyo ni nusu saa nzima.

Sababu ni mbili zinazofanya kazi pamoja: dunia imeinama, na mwendo wake kuzunguka jua si sawa, huenda kasi zaidi mwanzoni mwa Januari inapokuwa karibu na jua na kupunguza mwezi wa Julai. Saa ya ukutani haijali hayo, inakwenda mwendo mmoja. Juu ya hapo, saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya 45, inayopita Somalia na Madagaska, ilhali Kampala iko kwenye 32 na nusu hivi. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo tuko nyuma ya jua la saa yetu kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana jua la Kampala halifiki kileleni saa sita kamili siku yoyote ya mwaka. Mapema kabisa ni saa sita na dakika 33, Novemba, na kwa kuchelewa kabisa ni saa saba na dakika 4, Februari.

Kalenda inayochapa wakati uleule wa adhuhuri na uleule wa magharibi kwa miezi 12 itakuwa na kosa la robo saa au zaidi mara mbili kwa mwaka. Mwenye kufunga akiifuata ile ya Novemba katika Ramadhani ya Februari, atafuturu nusu saa kabla ya jua kutua. Hilo ni kosa zito kuliko Krismasi kusogezwa siku moja, maana mtu ataambiwa tarehe na jirani, lakini saa ya futari anaiamini kalenda iliyo ukutani kwake.

Basi wachapaji waweke jedwali la kila wiki, au angalau la kila nusu ya mwezi, na wasiishie Kampala. Mbale watoe dakika 6 kwenye saa za Kampala. Mbarara waongeze 8, Kisoro waongeze 12. Mstari mmoja mdogo chini ya jedwali unatosha kwa miji hiyo mitatu.

Mkaguzi wa kalenda,
Kampala