Barua ya wazi kwa mkubwa wa ziwa: tupe hata namba ya simu

Bukavu

Mheshimiwa,

Salamu kutoka soko la Kadutu. Niwie radhi kukuandikia mbele za watu. Barua ya kwanza niliileta mwenyewe ofisini kwako, mlinzi akaipokea kwa mikono miwili. Ya pili niliambiwa imefika. Hii ya tatu naiacha wazi, isije ikakuchosha kuifungua.

Mimi ni mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Usiku wa Jumanne iliyopita chombo chetu kilizama. Wewe mtoto wa hapa, sina haja ya kukueleza chombo gani: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu chini, taa juu ya maji za kuwaita samaki. Walikuwamo watu saba, na mmoja ni mdogo wangu, tumbo moja. Saa nane za usiku upepo ukapiga ghafla, mti wa mbele ukavunjika, mtumbwi wa pembeni ukajaa maji na kuwavuta wenzake. Wapo wanaosema ni wimbi la boti kubwa iliyopita mbio bila taa. Mzee mmoja wa ufukweni anasema ni gesi ya ziwa, lakini mzee huyo hata mvua ikikawia husema ni gesi. Mimi nashuku kamba. Zilikuwa zimechakaa, nilijua, na pesa ya kamba mpya ilikwenda kwenye kodi yako.

Wavuvi wetu huimba wakipiga kasia. Wenzao waliokuwa karibu waliona taa zetu zinazimika, moja, ya pili, ya tatu, na wimbo ukakatika katikati. Hiyo ndiyo kengele yetu ya hatari, Mheshimiwa, hatuna nyingine. Walikuwa wametega wavu, na kuuvuta kungewachelewesha, basi wakaukata kwa kisu, wavu wao wenyewe, wakaja. Mdogo wangu walimkuta amekumbatia bido tupu, lile dumu la njano la mafuta, na mwenzake ambaye hakupata bido amemshika mguu. Wote saba wamerudi hai. Tunamshukuru Mungu, na kile kisu.

Mimi nilipigiwa simu wakiwa bado majini. Nikampigia nani? Namba iliyoandikwa kwenye kibao cha bandari haipatikani. Nikampigia askari mmoja ninayemfahamu kwa sababu hununua kwangu kwa deni. Akaniambia boti ipo, mafuta hayapo, na mwenye ufunguo amelala kwake, mtaa wa Muhumba.

Kwa jambo moja lazima niwapongeze watu wako. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vijana wanatetemeka ndani ya blanketi, mtoza kodi alikuwa ameshafika. Akauliza mbona leo hatujaleta samaki.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama pale Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama kwa macho. Wiki ile ulikuja kwetu, ukapanda juu ya kreti ya bia, ukasema kabla ya Noeli tutapata boti ya uokozi. Hukutaja Noeli ya mwaka gani. Kosa ni letu, hatukuuliza. Jile nne, yaani jaketi za kuelea majini, zililetwa siku hiyo, zikavaliwa, zikapigwa picha, kisha zikaondoka na gari lililozileta.

Tangu ajali ya boti ya Kalehe ya Aprili 2019, hadi Rais mwenyewe akafika, tunaambiwa abiria lazima avae jile. Vema. Mvuvi si abiria. Hana tiketi, haondokei bandarini, anaondoka jioni kwenye mchanga nyuma ya nyumba za watu, na anayemwona ni mtoza kodi tu.

Wavu wangu niliununua kwa pesa ya likelemba, mchango wetu wa zamu, na bado nadaiwa na wamama wanane ambao nao wana watoto. Ziwa hili penye kina kirefu lina mita 485. Wavu umeshuka huko, deni limebaki juu. Binti yangu wa sekondari amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, karo ya shule. Na wale waliokata wavu wao kutuokoa, wavu huo nani atawalipa? Mimi? Kwa nini?

Nilitaka kukuomba boti, na mafuta yake, na jile, na kodi ipungue, na mwenye ile boti isiyo na taa atafutwe. Nimeyafuta hayo yote. Naomba namba moja ya simu. Namba inayoshikwa na mtu aliye macho saa nane za usiku, ambaye ufunguo uko mfukoni mwake.

Giza la mwezi bado lipo, na gizani ndipo sambaza hufuata taa. Ijumaa mdogo wangu anarudi ziwani kwenye chombo cha watu, na lile bido lake la njano. Namba hiyo naiomba kabla ya Ijumaa, Mheshimiwa.

Mama muuza sambaza,
Kadutu