Barua ya wazi kwa mdogo wangu: Ambaji si mwisho wa ngazi

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nakuandikia hapa. Hata ukinifungia, wapo watakaokuletea. Najua shangazi atasema mambo ya nyumbani hayaanikwi. Nimeyaanika.

Ile video yako ya mlima Girnar, kule Gujarat, India, bado ipo kwenye kundi la familia. Ba, mama yetu, kasimama kwenye hekalu la Ambaji, upepo unamvuta sari, mkono mmoja kwenye fimbo. Kengele inalia, halafu sauti yako: "Ba, tumefika. Dattatreya huyu hapa." Ba anafumba macho na kuinamisha kichwa. Nyuma ya bega lake la kushoto kuna kilele kingine, na ngazi zimekipanda ubavuni kama uzi mweupe. Kilele kile ni Gorakhnath, na kilele cha mungu Dattatreya kiko mbele yake zaidi. Ulikuwa unaziona zile ngazi kwenye kioo cha simu huku unamwambia mama yako kwamba zimekwisha.

Unasema nakuza mambo, kwamba mlima ni mmoja. Mlima ni mmoja kweli, ila una vituo, na kila kituo kina mwenyewe. Kutoka Bhavnath, chini kabisa, unapanda ngazi kama 4,000 ndipo uyafikie mahekalu ya Wajaini, likiwamo la Neminath, mtakatifu wao, bwana harusi aliyesikia wanyama wa karamu yake wakilia zizini, akaigeuza njia na kuja huku kutawa. Ukifika kama ngazi ya 5,000 ndipo pana Ambaji. Pale ni kwa Mama, mungu mke Amba. Maharusi wapya huja wamefungwa nguo fundo moja, mke na mume, wakaombewa baraka. Na wewe ungewaona, walikuwa mbele yenu kwenye foleni.

Gari la waya linaishia hapohapo. Tangu lifunguliwe tarehe 24 Oktoba 2020, kilomita 2.3 za waya zinakuokolea zile ngazi 5,000, na hata dakika kumi hazifiki. Kwa magoti ya Ba ilikuwa neema, na kumpandisha nalo hukukosea hata kidogo. Ulimkatia tiketi, ukamshika mkono kuingia kibandani, ukamkalisha asitazame chini. Hayo nayajua na nakushukuru.

Lakini siku hizi watu wakishuka kwenye gari la waya hudhani Girnar imekwisha, kumbe wamefika nusu. Wenyeji huhesabu ngazi elfu kumi, wengine 9,999, na zile zilizobaki hazipandi moja kwa moja. Ndiyo maana huwashinda hata vijana. Kutoka Ambaji unashuka kidogo kisha unapanda Gorakhnath, ambako hakuna mahali pa juu kuliko hapo Gujarat nzima, zaidi ya mita 1,000. Ukishapata ule urefu unaambiwa uurudishe: ngazi zinaporomoka mpaka bondeni, halafu zinasimama wima tena kuelekea kilele chembamba cha Dattatreya. Na wakati wa kurudi Gorakhnath anakungoja umpande upya. Anayejipimia nguvu kwa safari ya kwenda tu hukwama pale bondeni, na magoti humuuma kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda.

Bondeni njia inagawanyika. Moja inakwenda kwa Dattatreya, nyingine Kamandal Kund. Hadithi ya pale Ba alitusimulia mara ngapi? Dattatreya kazama kwenye tapasi, ibada ya kujinyima, miaka na miaka, nchi imekauka, watu wanakufa. Akaja mama yake, Anasuya, akamwita. Alipogutuka, chombo chake cha maji, kamandal, kikamponyoka na kupasuka vipande viwili: kimoja kikaangukia mahali pakatoka moto, kingine pakatoka maji. Moto ule wanautunza mpaka leo. Ba hadithi hii alikuwa nayo tangu utotoni kwao Kathiawar, akaja nayo pwani ya Afrika alipoolewa. Hakuwa mtu wa kuonyeshwa kilele chochote kile ukamwambia ndicho.

Umewaambia watu kwamba nilimnyang'anya furaha yake. Sikumwambia kitu mpaka aliponiuliza. Alirudi, akakaa wiki nzima kimya, halafu akaniuliza: "Zile nyayo kwenye jiwe zilikuwa upande gani? Mimi nimeona Mama tu." Dattatreya ana nyuso tatu, na kileleni kwake watu huenda kugusa nyayo zilizo mwambani. (Wajaini wanasema ni za Neminath, na ugomvi huo umefika mpaka mahakamani. Nyayo za watakatifu zina kesi, sembuse sisi.) Macho ya Ba yalikuwa na ukungu, lakini aliyekuwa mbele yake alimtambua. Ningemjibu nini? Ningeongeza uongo wangu juu ya wako? Nilimwambia kweli, akasema "haya," akaendelea kuchambua mchele. Unataka nijute, lakini siwezi kujutia kujibu nilichoulizwa. Ingawa ile "haya" yake naisikia mpaka leo.

Tena njia ilikuwapo. Kuna machela, wenyewe wanaita doli: kiti kwenye mti, mabegani mwa wapagazi. Abiria hupimwa kwanza kwenye mizani, kwa kuwa bei hufuata uzito, na Ba alikuwa mwepesi kama kuti. Mngepatana mapema, mkapanda gari la waya la kwanza asubuhi, akabebwa kabla jua halijawaka mawe. Wewe ulichagua wiki ya Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, kwa sababu ndiyo likizo uliyopewa. Bonde la Bhavnath lote linakuwa limefurika, wasadhu, watawa wa Kihindu, waliojipaka majivu wakingoja usiku wa manane waandamane na kuoga kwenye bwawa la Mrigi Kund. Kupenya tu mpaka kwenye tiketi ni shughuli. Mlifika juu mchana, na upepo ukaanza.

Hapo nakuelewa. Upepo ukizidi, magari ya waya husimamishwa, na ungejikuta juu na mama mzee, ngazi 5,000 za kushuka gizani. Uliogopa, na mimi pia ningeogopa. Ungemwambia tu: "Ba, leo tunaishia hapa." Angekubali. Alishakubali makubwa kuliko hayo.

Sasa majivu ya Ba. Umependekeza bwawa la Damodar Kund, na kwa hilo sina neno. Liko chini, kabla ya Bhavnath, halina ngazi za kutisha, na wazee wanaamini mifupa huyeyuka katika maji yale. Ila si mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu. Kuanzia tarehe 11 ya mwezi kuandama mpaka mwezi mpevu watu huuzunguka mlima kilomita 36 msituni, wakilala njiani, na mji mzima wa Junagadh hupati hata kitanda. Nenda Desemba au Januari. Kuna baridi alfajiri, na hewa ni safi.

Ukishamaliza pale Damodar Kund, tupande. Tutatumia gari la waya mpaka Ambaji, kisha kwa miguu mpaka kwenye nyayo. Tuanze mapema, maji ya kutosha, na bondeni tupumzike kabla ya kupanda tena. Huna haja ya kuzungumza nami njiani.

Ile fimbo ya Ba ulikodi pale chini, hukuirudisha. Naiona iko mlangoni kwako kwenye picha za mkeo. Njoo nayo.