Wifi, naomba uende Ujerumani

Wifi yangu mpenzi,

Kaka ameniambia umeamua kubaki, binti yenu aolewe Ujerumani bila wewe. Unasema ndoa ya ofisini si harusi, utawasubiri Moshi na ndafu, na hiyo ya huko utaiona kwenye simu. Mimi ni shangazi wa bibi harusi, siwezi kunyamaza.

Ujerumani ndoa inayotambuliwa kisheria ni ile ya Standesamt, ofisi ya usajili. Hata padri akiwabariki, bila kupita pale bado si mke na mume mbele ya serikali. Siku unayoiita ya kusaini makaratasi ndiyo siku binti yako anaolewa.

Halafu kule hakuna kamati wala kadi za michango. Gharama ni za maharusi na wazazi wao, kwa hiyo wanaoalikwa ni wachache na kila kiti kina mwenyewe. Hapa nyumbani kwenye ukumbi wa watu mia nne, asiyefika hajulikani. Kule upande wa bwana harusi utajaa mama, baba, bibi na shangazi zake. Upande wetu akae nani? Wakwe wamwone binti ana kwao.

Nilipokwenda Hamburg kwa mwanangu, chumba kilikuwa kidogo, mkalimani akininong'oneza sikioni. Alipomaliza kusaini, kalamu ikiwa bado mkononi, kijana aligeuka kunitafuta kwa macho. Nikapiga kigelegele. Msajili aliacha kupanga karatasi zake, akasubiri nimalize, kisha akaja kunipa mkono. Wifi, yale macho ya mtoto simu haiyapokei.

Makaratasi yasikutishe, ila uyaanze mapema. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Pasipoti ibakiwe na miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka kule. Binti aende ofisi ya wageni ya mji wake achukue hati ya udhamini, akutumie ile halisi. Wewe andaa vya kuonyesha kwamba unarudi: leseni ya duka, hati ya shamba, cheti cha ndoa.

Kwenye begi usiweke nyama wala samli, haviruhusiwi kuingia. Embe nazo zinadai cheti cha afya ya mimea. Nazi zinapita. Nafasi nyingi viachie vitenge, na cha mama mkwe wake kiwe kizuri kuliko vyote.

Fika siku kadhaa kabla. Baadhi ya familia hufanya Polterabend: wageni wanakuja jioni na kuvunja sahani za udongo mlangoni kuwatakia maharusi heri, kisha wawili hao wanafagia vigae pamoja. Nilimtazama mwanangu ameshika ufagio na mkewe ameshika kizoleo, wanaelekezana vipande vilipojificha. Moyo wangu ulitulia pale kuliko wakati wowote wa safari ile.

Ada ya viza na bima niachie mimi, tiketi nimeshaongea na kaka. Jumamosi nakuja kwako. Itoe pasipoti kabatini tuangalie tarehe yake.

Wifi yako