Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kujenga modeli ndogo za ndege,

Nianze kwa kuwashukuru mliofika leo. Mwaka huu tumefanya vikao 11 kati ya 12 vilivyopangwa (cha Aprili kilizuiwa na mvua), darasa la kupuliza rangi, darasa la stika za maji, na maonyesho ya Oktoba. Hayo mnayajua na picha mmeziona. Darasa la rezini, ile plastiki ya maji inayomiminwa kwenye kalibu ikaganda, nililisimamia mwenyewe Jumamosi tatu mfululizo: kuosha vipande kwa maji ya sabuni ili mafuta ya kalibu yatoke, kukata kitako, yaani bonge linalobaki chini ya kipande baada ya kumimina, kwa msumeno mwembamba, kupiga msasa majini huku umevaa barakoa, na kubandika kwa supa gluu au epoksi, maana gundi ya plastiki haiishiki rezini hata ukiimwaga chupa nzima. Barakoa na nyembe za msumeno nilinunua kwa fedha yangu na sijadai kurudishiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini ndilo limewaleta wengi wenu: zile modeli 7 nilizoziondoa kwenye mashindano ya maonyesho kwa sababu ya viti vya kunakili.

Maonyesho tuliyapa mada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Wengi mlichagua MiG-21, ndege iliyokuwa kwetu na kwa majeshi ya Amin pia, na karibu wote mlijenga lile boksi la vipande la kampuni ya Eduard la kipimo cha 1/48 (mara 48 ndogo kuliko ndege halisi), ambalo toleo lake la aina ya MF lilianza kutoka mwaka 2011. Ni boksi zuri. Lakini mjenzi yeyote atakwambia kwamba jicho la mtazamaji linaingia kwanza kwenye chumba cha rubani, na humo ndani linatua kwenye kiti. Kiti cha KM-1, kile kinachomrusha rubani nje ndege ikiharibika, kina mikanda, vifungo na mikunjo ambayo plastiki ya kiwandani haiwezi kuitoa vizuri. Cha rezini kinatoa vyote hivyo, tena vikanda vyenyewe vimelala kama vya kweli. Ndiyo maana watu wanaagiza. Na bei yake, ukijumlisha posta na ushuru, inauma. Hilo sikatai, mimi nami nailipa.

Jioni ya Ijumaa, kabla ya siku ya maonyesho, tulipokea modeli 26. Nilizipitia moja moja kwa kioo cha kukuzia. Katika ya nne nikaona kichunusi kidogo kama chembe ya chumvi upande wa kushoto wa egemeo la kichwa cha rubani. Katika ya tisa nikakiona tena, mahali palepale. Nilipomaliza nilikuwa na ndege 7 zenye kichunusi kilekile. Mnaojua kumimina rezini mnaelewa maana yake: povu lilinasa kwenye silikoni wakati kalibu inatengenezwa, na kila kiti kilichotoka humo kimezaliwa na alama hiyo. Mwenzetu mmoja alinunua kiti kimoja cha kampuni ya nje, akakitengenezea kalibu, akawa anawauzia wanachama nakala.

Niliziondoa zote 7 kwenye mashindano usiku huohuo. Ziliwekwa mezani, watu wakazitazama, ila hazikupewa alama.

Katibu amelalamika kwa maandishi kwamba sikuitisha kamati. Ni kweli sikuitisha. Ilikuwa saa tatu usiku, wajumbe wawili walikuwa wamezima simu, na milango ya ukumbi ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Katiba yetu inampa mwenyekiti mamlaka ya kuamua jambo la dharura na kulileta kikao kinachofuata. Nililileta Novemba. Waliokuja ni 9, akidi ni 14. Kwa hiyo anayesema nimewanyima wanachama nafasi ya kulijadili, namuuliza kwa heshima zote: ulikuwa wapi Novemba?

Limesemwa pia kwamba niliziondoa ili ndege yangu ipate nafasi ya pili. Jambo hili limeniumiza. Majaji walikuwa watatu, mimi sikuwa mmoja wao, na walizipokea modeli 19 zilizobaki zikiwa na namba tu bila majina. Karatasi za alama ziko kwa katibu, aombe yeyote azione.

Niseme sababu zangu wazi. Anayetengeneza kipande kile cha kwanza, kile ambacho kalibu inachukuliwa kwake, anakaa miezi juu ya kitu ambacho urefu wake hauzidi kiungo kimoja cha kidole gumba. Karakana nyingi za kazi hii ni ndogo, na soko lake ni watu kama sisi tuliotawanyika duniani. Kila nakala tunayouziana pembeni ni kiti kimoja ambacho hakikununuliwa kwake, na siku akifunga karakana hatutapata tena cha kunakili wala cha kununua. Hoja kwamba sisi ni maskini na yeye yuko Ulaya nimeisikia sana. Sikubaliani nayo, na nisingekubaliana nayo hata kama angekuwa Morogoro.

Kuna na upande wa kazi yenyewe. Nilichukua nakala moja na kiti halisi changu nikaviweka pamoja chini ya taa. Kwenye kiti halisi unaweza kuhesabu matundu ya kifungo cha mkanda. Kwenye nakala kifungo kimekuwa uvimbe. Upana umepungua pia, kwa sababu rezini husinyaa ikikauka na nakala inarithi kusinyaa kwa mama yake na kuongeza kwake. Halafu kuna hali ya hewa yetu. Rezini ya kuchanganya ikikutana na unyevu inatoa gesi, na unyevu wa Dar es Salaam mnaujua; bila mtungi wa mgandamizo, ule unaoibana rezini kwa hewa inapoganda, mapovu ni lazima. Na mvuke wake si wa kuuvuta katika chumba cha kulala chenye watoto, kama nilivyoambiwa kwamba ndiko kazi ilikofanyika.

Sikukataza kumimina. Mwanachama wetu mdogo kuliko wote alijenga kiti chake kwa karatasi ya plastiki, waya wa shaba wa simu ya zamani na jaribosi ya pakiti ya sigara, vifungo akavikata kwa ncha ya wembe. Majaji walimpa nafasi ya kwanza. Huyo akitaka kukitengenezea kalibu kiti chake na kutuuzia, nitakuwa wa kwanza kununua. Nilijitolea pia kuwapa wale saba viti halisi viwili nilivyokuwa navyo wavigawane kwa kura. Hakuna aliyenijibu. Mwenzetu aliyetengeneza kalibu ametoka kwenye kundi la WhatsApp na wengine wanne wamemfuata. Milango iko wazi, nimempigia simu mara mbili.

Kuhusu fedha. Wanachama ni 41, ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, waliolipa ni 17, jumla shilingi 1,020,000. Ukumbi umechukua 540,000, maonyesho 385,000, tumebakiwa na 95,000, ambayo haitoshi kodi ya miezi mitatu. Wasiolipa ni 24, wanadaiwa 1,440,000. Kati ya waliopaza sauti zaidi kuhusu viti, waliolipa ada ni wawili. Baada ya Februari mahudhurio ya vikao kwa kawaida yalikuwa kati ya watu 8 na 13, ila mara mbili nimefungua ukumbi nikakaa na mweka hazina peke yetu mpaka saa nne. Mtu anayeweza kukesha wiki mbili akikwangua ukuta wa ndani wa ndege mpaka mwanga upenye, ili chumba cha rubani cha rezini kiingie, hawezi kukosa saa mbili kwa mwezi.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuagiza vifaa kwa pamoja ili posta igawanyike, kutafuta mtungi wa mgandamizo, na kuangalia uwezekano wa kushirikiana na wenzetu wa Nairobi ambao wana hamu ya kujenga ndege za kivita za F-5 za jeshi lao. Kamati itakaa na kuliangalia.

Uamuzi wa Oktoba nauleta kwenu sasa upigiwe kura, kwa kuwa leo, kwa mara ya kwanza tangu Februari, akidi imetimia. Ninaomba muuthibitishe. Viti vyangu viwili bado viko kwa katibu, ndani ya kiboksi cha dawa, kwa yeyote kati ya wale saba atakayevihitaji.