Kasumba si kila tabia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze sikitiko langu kuhusu neno moja ambalo siku hizi linatumika ovyo, hata magazetini, nalo ni kasumba. Tunasoma kwamba madereva wana kasumba ya kupita taa nyekundu, wakazi wa mijini wana kasumba ya kutupa taka mitaroni, na watumishi wana kasumba ya kuchelewa kazini. Nilipokuwa bado nafundisha, mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha kwamba babu yake alikuwa na kasumba ya kuamka alfajiri kuswali. Mtoto yule hakukusudia kumvunjia mzee wake heshima. Alitaka kusema mazoea, akadhani kasumba ni neno lilelile lenye uzito zaidi.

Kasumba kwa maana yake ya awali ni afyuni, yaani utomvu wa mpopi uliokaushwa, ambao huvutwa au humezwa ukamlevya mtu. Wagujarati, ambao wamefanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi, huita kasumbo afyuni iliyoyeyushwa katika maji ya kunywa, na mimi siamini kwamba mfanano huo umetokea kwa bahati tu. Maana ya pili, ya fikra potofu zilizomkaa mtu, imechipuka katika ile ya kwanza, na sisi tuliosoma katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 tuliizoea zaidi katika maneno mawili yaliyoandamana: kasumba ya kikoloni.

Tuangalie vitenzi vinavyofuatana na neno hili, maana hapo ndipo siri yake ilipo. Tabia hujengwa, tena husemwa kuwa ni kama ngozi ya mwili. Mazoea huja yenyewe kwa kurudiarudia jambo. Hulka mtu huzaliwa nayo. Kasumba, lakini, mtu hutiwa, hulishwa, au hupandikizwa. Vyote ni vitenzi vya kutendwa, na kila aliyetendwa ana aliyemtenda. Kwa hiyo, anayesema kasumba amesema mambo matatu kwa mpigo: kwamba fikra hiyo ilitoka nje ya mtu, kwamba yupo aliyeitia kwa faida yake, na kwamba aliyetiwa haoni maumivu yoyote, bali huona raha, kama alivyo mvuta afyuni. Dereva anayepita taa nyekundu hakuna aliyemlisha kitu. Ana haraka na hana adabu ya barabarani, na kwa hilo neno tabia linatosha kabisa.

Najua nitajibiwa kwamba lugha hukua na maana hubadilika, na kwamba neno lenyewe lilishahama kutoka kwenye dawa hadi kwenye fikra. Ni kweli, wala silipingi badiliko hilo, kwa sababu lilihama na ulevi wake wote. Hili la sasa linaliacha neno likiwa tupu, na hakuna tulichopata badala yake, kwani tabia, mazoea, desturi na mwenendo tulikuwa navyo tangu zamani.

Neno hili bado tunalihitaji. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na wapo wazazi, tena wasomi, wanaoapa kwamba fizikia haiwezi kufundishika kwa Kiswahili ilhali hawajawahi hata kujaribu. Imani hiyo haikutokana na uchunguzi wala haikuzaliwa nyumbani kwetu, na wenye nayo huiona kuwa ndiyo maendeleo. Hiyo ndiyo kasumba. Tukiliita kwa jina hilohilo kosa la kutupa ganda la ndizi mtaroni, siku tutakapotaka kulitaja jambo hili zito msomaji atadhani tunazungumzia kero ndogo ya mtaani.

Kwa hiyo naomba wahariri wa meza yako, kabla ya kupitisha kichwa cha habari chenye neno hili, wajiulize swali moja: ni nani aliyemtia mtu huyu kasumba hiyo? Wakikosa jibu, waandike tabia.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tanga.