Howard Cruse asiachwe nje ya historia ya katuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Howard Cruse, mchora katuni wa Marekani aliyefariki dunia Novemba 26, 2019, akiwa na umri wa miaka 75. Makala za Kiswahili zinazohusu historia ya katuni huwasifu wachoraji wa siasa na wabunifu wa mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini jina lake silioni, na nina hakika linarukwa kwa sababu alikuwa shoga na hakulificha jambo hilo. Msomaji anayeipenda sanaa hii ananyimwa haki yake.

Cruse alizaliwa mwaka 1944 katika jimbo la Alabama, akiwa mtoto wa mhubiri. Vibonzo vilivyomtambulisha katika miaka ya 1970, Barefootz, vilikuwa vya kuchekesha, vyenye kijana wa miguu mikubwa isiyo na viatu aliyeishi na mende wake, na baadhi ya wachoraji wenzake waliviona laini mno. Hata hivyo, ni humo humo, mwaka 1976, alipomfanya mhusika mmoja, msanii Headrack, akiri waziwazi kwamba anapenda wanaume. Miaka mitatu baadaye mchapishaji Denis Kitchen alimwomba awe mhariri wa jarida la katuni litakalochorwa na wanaume na wanawake wenye mapenzi ya jinsia moja. Cruse alijua kwamba akikubali atakuwa amejitangaza mbele ya kila mwajiri wa wachoraji, naye akakubali. Toleo la kwanza la jarida hilo, Gay Comix, lilitoka mwaka 1980. Aliwataka wachangiaji walete hadithi za watu wenye kazi, kodi ya nyumba, wivu na huzuni, na mmoja wa vijana waliolisoma wakapata moyo wa kuchora maisha yao wenyewe ni mchora katuni Alison Bechdel, ambaye leo anafahamika duniani kote.

Kuanzia mwaka 1983 alichora Wendel katika jarida la The Advocate, kisa cha wanaume wawili wanaopendana na mtoto Farley, ambaye mmoja wao alimpata katika ndoa iliyovunjika. Ukimwi ulikuwa ukiwaua marafiki zao, siasa za enzi ya Rais Reagan zikiwabana, na bado ilibidi mtoto alelewe.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni Stuck Rubber Baby, riwaya ya picha ya kurasa 210 iliyochapishwa mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Toland Polk, ni kijana mzungu wa Kusini mwa Marekani katika miaka ya 1960, anayefanya kazi katika kituo cha petroli, anayejilazimisha kumpenda msichana ili akane kwamba ni shoga, na anayevutwa taratibu katika harakati za watu weusi za kudai haki. Mji wake ni wa kubuni, lakini Cruse alikuwa kijana wa Alabama wakati bomu lilipowaua wasichana wanne weusi katika kanisa moja mjini Birmingham, Septemba 15, 1963, na hofu ya wakati ule imo katika kitabu kizima. Rafiki wa Toland, Sammy, mpiga kinanda wa kanisani, anauawa na watu wenye chuki, na Toland anaubeba mzigo wa ukimya wake hadi utu uzima.

Ukiutazama ukurasa mmoja kwa karibu utaona jinsi mashavu, kuta na anga la usiku vilivyojazwa mistari midogo inayokatana, iliyochorwa kwa kalamu mmoja mmoja, kiasi kwamba uso wa mtu mweusi na wa mzungu vyote vina uzito na kivuli chake halisi. Kazi iliyotarajiwa kuchukua miaka miwili ilichukua minne. Fedha za mchapishaji zilipokwisha, Cruse aliuza kurasa halisi kabla hajazichora ili aweze kuendelea. Mtu mwingine angepunguza mistari.

Tangu mwaka 1979 aliishi na mwenzi wake, Ed Sedarbaum, na mwaka 2004, sheria ya Massachusetts iliporuhusu, walifunga ndoa.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako litakapoandika tena kuhusu waasisi wa katuni, Cruse awemo, ukurasa mmoja wa riwaya yake uchapishwe kwa ukubwa unaoonyesha mistari ile, na maelezo yaseme bila kuzungusha kwamba alikuwa shoga, kama alivyosema mwenyewe.

Msomaji wako,
Mombasa